Mama Vipete na Jaribio la Jeni ya Moyo

Mdogo wetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mama Vipete, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1965, akiwa kitinda mimba wa fundi saa na mkunga. Alianza shule ya msingi mwaka 1972, akamaliza sekondari mwaka 1984, na mwaka 1988 akahitimu chuo kikuu katika elimu ya viumbe, kisha akaajiriwa kwenye maabara ya utafiti wa seli za moyo, ghorofa ya pili, chumba chenye dirisha lisilofunguka, alimofanya kazi hadi alipougua.

Tarehe 18 Mei 1991 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume.

Kazi yake tutaieleza kama alivyotueleza mezani. Ndani ya seli, maagizo ya jeni hunakiliwa kwenye nyuzi ziitwazo RNA, nyingi zikiwa na mkia, hivyo maabara yao ilizoea kuzinasa kwa mkia na kumwaga zilizobaki kwenye sinki. Mwaka 2013 alitambua kwamba baadhi ya RNA huungana ncha kwa ncha zikawa pete zisizo na mkia, na kwamba miaka yote hiyo walikuwa wakizimwaga. Akaacha kumwaga. Mwenzake mmoja, ambaye mdogo wetu alimwita Mbishi, alisema hizo ni takataka tu za seli, naye akambandika mdogo wetu jina la Mama Vipete, na mumewe akalalamika kwa utani kwamba pete aliyomvisha yeye haijawahi kutazamwa hivyo.

Yeye alishikilia kwamba pete hizo hunasa RNA ndogo ndogo zinazozima jeni, jeni ikaendelea kufanya kazi. Januari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini, na toka hapo alitaka jambo moja tu, kulijua hilo kwa hakika kabla hajaondoka. Jaribio alilowaachia wenzake lilikuwa kuondoa pete moja kwenye seli za moyo: jeni yake ikizimika, basi alikuwa sahihi.

Tarehe 2 Juni mwaka huohuo Mbishi aliingia wodini na koti lake la maabara, akasimama miguuni pa kitanda.

"Dada, tumeiondoa ile pete. Jeni imezimika."

Tulidhani atalia kwa furaha.

"Mmerudia?"

"Bado."

"Basi hamjui kitu. Nenda karudie, Mbishi, ubishi wako ndio ninaouhitaji sasa."

Alifariki tarehe 5 Juni, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea viti na maji, na wenzake wa kazini. Mbishi hayupo hapa, yuko maabara anarudia jaribio, na yeyote asimlaumu, kwa kuwa familia ndiyo iliyomwambia abaki. Pumzika kwa amani, mdogo wetu, na jibu likija, liwe ndiyo au liwe hapana, tutakuletea hapa kaburini kama lilivyo.