Mirriam Nyevu Karisa na Digrii Mbili Zisizoonekana

Marehemu Mirriam Nyevu Karisa alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 huko Rabai, mtoto wa nne wa marehemu Karisa na marehemu Mbeyu, akasoma shule ya msingi kwao, kisha akaja Mombasa kwa shangazi yake, na mwaka 1983 akahitimu ufundi wa elektroniki, mwanamke pekee katika darasa la watu thelathini na mmoja.

Alitengeneza redio katika duka moja la Ndia Kuu, akafunga ndoa na Bw. Nicanor Kazungu tarehe 6 Desemba 1986, wakajaliwa Sidi na Ronny, na tangu Januari 1991 akawa fundi wa vifaa katika hospitali ya uzazi hapa kisiwani.

Asubuhi ya tarehe 9 Agosti 2016, muuguzi Caroline alimshika mtoto njiti aliyekuwa ndani ya mashine ya joto, akamwita marehemu, akamwambia, "Mama Sidi, mashine yasema mtoto yuko sawa, mkono wangu wasema ana baridi." Mashine ilikuwa mpya, na daktari aliiamini. Marehemu akajibu, "Mfunike kwanza, mwanangu," kisha akachukua kalamu, akakadiria kwamba amplifaya iliyo ndani, inayokuza ishara mara elfu moja, yaweza kuwa inajiongezea volti isiyotokana na joto la mtoto. Akaunganisha miguu miwili ya amplifaya hiyo inayoingiza ishara kwenye volti sufuri, hali ambayo ilipaswa kunyamaza kabisa, lakini mita ikaonyesha milivolti themanini, naye akagawanya kwa elfu, akapata sehemu themanini za milioni moja ya volti, kitu kidogo kisichowazika, ambacho kwa waya wa mashine unaopima joto la mtoto kilikuwa digrii mbili kamili. Caroline akaleta kipimajoto cha kawaida, nacho kikasema thelathini na nne na nusu, ilhali mashine ilisema thelathini na sita na nusu. Daktari alivua miwani, akaagiza mashine nyingine zikaguliwe pia. Mashine zote nne zilirekebishwa siku ile, na mtoto yule leo yuko gredi ya nne.

Marehemu alianza kuugua figo Machi 2024, akatutoka Jumatano tarehe 3 Septemba 2025.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wakiongozwa na Bw. Jamaldin, na mafundi wenzake. Wako watoto mjini humu wasiolijua jina lako, Mirriam, nao wanakimbia na kucheza. Mola akulaze pema, upumzike.