Kilo Kumi na Moja

Kijiwe chetu hakina meza wala paa. Kina kiti cha nyuma cha gari la Ipsum lililokufa, kimewekwa juu ya matofali kando ya geti la yadi ya vyuma chakavu, Kansanga, Kampala, hatua ishirini kutoka barabara ya Ggaba. Wanaokaa hapo ni walewale: Awiti, mama wa Kisumu anayeuza kahawa na chapati, ndiye serikali yetu; Oyugi, muuza viatu vya mtumba, tunamwita Wakili kwa sababu anatetea chochote, hata mvua; Mushagalusa, Mkongo mwenye yadi, tunamwita Patron; na Obita, askari wa geti la Patron, mtu wa Gulu, mtoto wa mwanajeshi, mwili kama tanki la maji, kwa hiyo Tanki, ila Awiti humwita Baba Juliet. Mimi wananiita Digrii. Nina shahada ya lishe, na miaka mitatu sijaajiriwa hata kuhesabu mayai. Tangu Februari nina kazi moja, ya bure: kumpunguza Tanki. Dada yake, Acayo, figo zote mbili zimekufa. Obita amepimwa, damu inalingana, kila kitu kinalingana, ila daktari amekataa kumpasua mtu wa kilo mia na kumi na mbili. Ashuke mpaka tisini, ndipo atoe figo moja. Jana Ijumaa alikuwa na miadi ya kupimwa tena. Leo, saa kumi jioni, kaja na karatasi iliyokunjwa mara nne na uso wa mtu aliyefukuzwa kanisani.

Awiti: — Baba Juliet, sema. Ngapi?

Obita: — Kwanza nipe kahawa.

Awiti: — Kahawa iko. Ngapi?

Obita: — Weka sukari.

Mimi: — Sukari tuliiacha Februari, Tanki. Ngapi?

Akanipa karatasi bila kuniangalia. Nikaikunjua, nikasoma, nikasoma tena.

Mimi: — Mia na kumi na tatu.

Oyugi: — Haiwezekani! Jumamosi iliyopita hapa alikuwa mia na mbili. Mshale niliuona kwa macho yangu mawili.

Ni kweli, sote tuliuona. Kila Jumamosi tunampandisha Obita kwenye mizani ya Patron, ile ya kupimia vyuma, yenye uso kama saa ya stesheni. Wiki ya kwanza kabisa mshale ulisimama mia na moja. Kilo kumi na moja zimeondoka kwa siku saba! Awiti alipiga vigelegele. Oyugi alimkumbatia Tanki, mikono haikukutana nyuma. Na mimi, niliyefundishwa darasani kwamba hakuna binadamu anayepoteza kilo kumi na moja kwa wiki moja kwa kuacha soda, nilipiga makofi kuliko wote. Mtu asiye na kazi akiambiwa kazi yake imezaa, haulizi. Nilipiga picha ya mshale, nikamtumia Acayo. Nikatuma nyingine Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata, wiki kumi na mbili. Mshale ulikwama hapohapo, mia na moja, mia na mbili, nikawaambia mwili umezoea tu, utashuka. Acayo alikuwa anajibu kwa vile vikatuni vya mikono ya kuomba.

Obita: — Labda wamekosea.

Mushagalusa: — Njo hivyo! Miye najua bale badaktari. Beko na mizani ya umeme. Umeme ikipanda, kilo inapanda. Si munaona hata taa ya Kansanga, saa ingine inawaka mpaka inataka kupasuka?

Oyugi: — Patron, hiyo ni ndogo. Mimi nawaambia kitu kikubwa. Hospitali haitaki figo ya Obita. Figo ya bure ina faida gani kwao? Wanataka Acayo asafirishwe India, huko kuna mtu wao anangoja uwanja wa ndege. Mizani imechezewa! Obita hata akibaki mifupa, itasema mia na kumi na tatu.

Awiti: — Wakili, nyamaza, umevuta nini leo? Shida ni hewa. Kuanzia hapa mpaka Kabalagala watu wanachoma nguruwe, wanakaanga kuku, moshi wa mafuta uko hewani siku nzima. Huyu analinda geti, anavuta pumzi masaa kumi na mbili. Yale mafuta yanaenda wapi? Si yanabaki mwilini?

Oyugi: — Basi hata wewe ungekuwa kama lori.

Awiti: — Mimi natembea!

Mushagalusa: — Na iko ingine. Kwetu Bukavu kulikuwa bwana moja, alikuwa anakula kidogo kama ndege, na ananenepa. Jirani yake njo alikuwa anakula sana na anakonda. Munaelewa? Chakula ilikuwa inapita ukuta.

Oyugi: — Eh! Obita, jirani yako ni nani?

Obita: — Ni mwalimu. Mwembamba sana.

Oyugi: — Banange! Si ndiyo hiyo!

Nilivumilia mpaka hapo. Nilisoma kwa taa ya mkopo, nikakariri kemia ya mafuta mpaka macho yakaniuma, ili nije nikae juu ya kiti cha Ipsum nisikilize chapati zinazopita ukuta.

Mimi: — Kimya! Wote! Tanki, ile ratiba ya chakula niliyokuandikia iko wapi?

Obita: — Iko ukutani.

Mimi: — Na Jumanne asubuhi wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa kwa mama wa rolex, anayeviringisha mayai ndani ya chapati. Chapati mbili, mayai manne, umesimama nyuma ya mwamvuli wake kama mtu anayejificha polisi. Nilikuona.

Obita: — Sasa unanipeleleza?

Mimi: — Nani akupeleleze? Unaonekana hata na mtu aliye Kalerwe, upande wa pili wa mji!

Awiti: — Digrii, heshima. Huyu ni mkubwa kwako.

Obita: — Muache, nnyabo. Mama, muache aseme, yeye ni msomi. Lakini Digrii, wewe hujawahi kuwa mnene hata siku moja. Unafikiri mimi nakula kwa sababu sijasoma karatasi yako? Naijua kwa moyo. Asubuhi naamka, nasema leo. Navaa raba, nafunga kamba, nasema nakimbia mpaka Kabalagala na kurudi. Kamba ikishafungwa, nakaa pale kitandani, na raba zangu, nusu saa, saa nzima. Roho haisukumi. Iko pale tu kama gari limeisha betri.

Awiti: — Roho haisukumi, na dada yako yuko kwenye mashine?

Obita: — Ndiyo hiyo mama. Kila mtu ananiambia hivyo, nikumbuke dada. Nikikumbuka dada, ndiyo njaa inakuja.

Awiti alimimina kahawa, akaweka sukari vijiko viwili, nikajifanya sioni.

Obita: — Na mnajua mwaka juzi nilishuka. Kilo sita, bila ratiba ya mtu. Nini kilitokea? Mtaani wakaanza kuniongelesha polepole, kama niko msibani. Wazee wa hapa ugonjwa ule, ukimwi, waliuita slim, bado wanakumbuka. Mama mkwe wangu akaja na kikundi cha maombi, watu tisa, wakaniwekea mikono kichwani. Mke wangu akaenda kupima damu kimya kimya, hakuniambia. Nikarudi kula, nikajaza shati. Wale wamama wa sokoni wakanishika mikono, wanacheka, "Ssebo, ogezze!" Umenenepa! Yaani uko sawa, umepona, tunakupenda tena. Sasa mtu apungue kwa ajili gani?

Mimi: — Kwa ajili ya Acayo. Na usinizungushe. Mizani moja inasema mia na mbili, nyingine inasema mia na kumi na tatu. Moja inadanganya. Tujue leo.

Oyugi: — Ya hospitali!

Mimi: — Tutaona. Wakili, nenda duka la vifaa vya ujenzi hapo jirani, waombe mfuko mmoja wa simenti, ambao haujafunguliwa. Ule ni kilo hamsini, imeandikwa kiwandani. Tunaupima hapa, dakika mbili, tunarudisha.

Mushagalusa akasimama. Nimemjua Patron miaka minne, sijawahi kumwona anasimama haraka.

Mushagalusa: — Ile mizani imechoka, muiache. Jumamosi miye nafunga mapema.

Awiti: — Tangu lini?

Mushagalusa: — Tangu leo. Simenti itamwaga vumbi, itaharibu mashine yangu.

Mimi: — Umeipimia injini za lori, Patron, haikuharibika.

Oyugi alishatoka. Akarudi na mfuko begani, anahema, shati jeupe kwa vumbi, akautupa juu ya bamba la mizani. Mshale ukaruka, ukatetemeka, ukatulia. Tukainama wote isipokuwa Obita.

Arobaini na tano.

Oyugi akagonga kioo kwa kidole. Arobaini na tano. Akaunyanyua mfuko, akauweka upya, taratibu, kama mtoto mchanga. Arobaini na tano.

Mimi: — Inakula kilo moja katika kila kumi. Mia na kumi na mbili inakuwa mia na moja. Mia na kumi na tatu inakuwa mia na mbili. Hajapungua. Hajawahi kupungua hata siku moja. Zile kilo kumi na moja ni zako, Patron!

Mushagalusa: — Sikieni. Sikieni basi. Biashara ya vyuma njo iko vile. Mutu analeta chuma, iko na kutu, iko na udongo ndani. Miye nalipa udongo? Yadi zote za Kampala beko na mizani ya vile. Ni ya vyuma, haikuwa ya bantu! Nani alisema mupime mutu?

Awiti: — Na ulinyamaza! Wiki kumi na mbili unatuangalia tunapiga vigelegele!

Mushagalusa: — Ningesema nini mbele ya bantu banaleta vyuma? Ati mizani yangu ni ya wizi?

Oyugi akamshika kola. Mimi nikamshika mkono, na sitasema uongo, nilitaka kumpiga. Nilitaka kumpiga mtu tangu mwaka niliomaliza chuo, na hatimaye nilikuwa na sababu. Picha kumi na mbili! Nilimtumia mgonjwa picha kumi na mbili za wizi, na kila moja nikaandika chini yake: tunasonga mbele, dada.

Mimi: — Sema sasa! Sema utamwambia nini Acayo!

Awiti: — Ngojeni.

Oyugi: — Hakuna kungoja, huyu leo analala polisi!

Awiti: — Nimesema ngojeni! Muachieni.

Alikuwa hamwangalii Patron. Alikuwa anamwangalia Obita, ambaye muda wote huu hakuondoka kwenye kiti, hakugeuza hata shingo kuona mfuko.

Awiti: — Baba Juliet. Mwezi wa kwanza, nilikuja na masufuria yangu ya zamani kuuza hapa. Unakumbuka?

Awiti: — Ulinishika mkono hapa hapa getini. Ukaniambia, nnyabo, usiuze hapa, peleka Katwe, mizani ya bosi wangu inakula.

Oyugi akaachia kola.

Mimi: — Tanki. Ulikuwa unajua?

Obita: — Nilisahau.

Mimi: — Unalinda ile mizani. Unaifuta kila asubuhi.

Obita: — Nimesema nilisahau, Digrii.

Mimi: — Ni wewe uliyesema tupimie hapa. Mimi nilitaka twende kliniki ya Kansanga, ukasema kuna foleni!

Alitaka kusimama, akakaa. Mkono wake ulikuwa umeenda kiunoni, upande wa kushoto, juu kidogo ya mkanda, na ukabaki hapo umebana, kama mtu anayelinda mfuko wake sokoni. Askari huyu niliwahi kumwona akifukuza wezi wawili wa betri kwa mikono mitupu. Nilikuwa nimeandaa neno kali sana kwake. Lilikuwa mdomoni tayari.

Boda ikasimama getini. Akashuka mwanamke katika gauni la gomesi la bluu, polepole, mguu mmoja, halafu wa pili, uso umevimba, bandeji nyeupe mkononi pale mashine inapoingilia. Sijawahi kukutana naye ana kwa ana. Nilimjua kwa picha yake ndogo ya simu, ambayo ni ya zamani, amenona, anacheka.

Acayo: — Hamjambo hapa. Nimetoka kuoshwa damu, nikasema nipite. Omera, simu yako imezimwa tangu jana.

Omera, kwa Kiacholi, maana yake ni ndugu yangu. Obita akaitika kwa kichwa.

Oyugi: — Karibu dada, karibu sana. Tulikuwa tunasema, mizani ya hospitali, unajua, umeme wa...

Acayo: — Daktari ameniambia, asante. Wewe ndiye Digrii?

Mimi: — Ndiyo, mama.

Acayo: — Asante kwa picha.

Nilitazama chini. Aliuona mfuko wa simenti juu ya mizani, akauona mshale. Sijui kama alisoma. Hakuuliza simenti inafanya nini pale. Hakuuliza lolote kuhusu mia na kumi na tatu, wala rolex, wala ratiba, na hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. Akamsogelea kaka yake mpaka vivuli vyao vikagusana, akamwuliza kwa Kiswahili, sote tusikie.

Acayo: — Omera, ukifika tisini, utakuja?

Nilimtazama Oyugi, mtetezi wa kila kitu; alikuwa anachunguza viatu vyake. Patron alikuwa anafunga vifungo vya shati. Mimi nina shahada, na nakuambia hakuna kozi iliyofundisha jibu hilo. Mkono wa Obita ulizidi kubana kiunoni, palepale kwenye figo. Jasho lilimtoka kwenye nywele, likashuka, hakulipangusa.

Awiti, kwa mazoea ya mtu aliyekaribisha watu miaka ishirini, alimimina kikombe kwa ajili ya mgeni, akamnyooshea. Ndipo akakumbuka kwamba mtu wa mashine hanywi anavyotaka, hata maji anapimiwa kwa siku. Hakujua akirudishe au akimwage. Akabaki amekishika hewani, katikati ya wale ndugu wawili, na Acayo amesimama, anangoja.