Historia ya Marehemu Elroy Himmelman, Aliyejenga Mashua Kumi na Moja Nyumbani Kwake

Mchungaji, ndugu wa karibu na wa mbali, majirani wa Blue Rocks na nyote mliofika kutoka Riverport, Lunenburg na Bridgewater, familia imemkabidhi Burton Knickle, shemeji wa marehemu, karatasi hizi azisome, kama marehemu mwenyewe alivyoagiza mwezi wa Februari, kwa sharti moja alilolitamka mbele ya mashahidi, wote wakijua jinsi samaki wa Burton wanavyoongezeka kila anaposimulia: "Shemeji asome, lakini asiongeze hata samaki mmoja."

Elroy Titus Himmelman alizaliwa tarehe 11 Machi 1946, hapa Blue Rocks, katika nyumba ileile alimofariki, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa Titus Himmelman, mvuvi, na Beulah Rafuse, na kati ya hao sita aliyebaki ni dada yake Idella, ambaye yuko nasi kiti cha mbele.

Alianza shule ya kijiji Septemba 1952, akamaliza darasa la tisa Juni 1961, na katika ripoti yake ya mwisho mwalimu aliandika kwamba kijana huyu anajua hesabu za sehemu vizuri, ila amechora mashua katika kila kitabu alichopewa, kikiwemo cha nyimbo za kanisa. Baada ya shule alivua na baba yake kwa miaka minne, kisha Oktoba 1965 akaajiriwa kuwa seremala katika kiwanda cha samaki mjini Lunenburg, ambako alitengeneza milango, ngazi na meza za kukatia samaki kwa miaka thelathini na minane, hadi alipostaafu tarehe 31 Oktoba 2003, bila kukosa kazini isipokuwa siku mbili za kuzaliwa watoto wake na siku moja ambayo hakuwahi kuieleza.

Tarehe 5 Juni 1971 alifunga ndoa na Verna Knickle katika kanisa hili, baada ya Verna kumpa sharti kwamba mashua zijengwe bandani, mbali na jiko lake, na Elroy akakubali, lakini majira ya baridi ya mwaka 1972 banda lilikuwa halijapata stovu, kwa hiyo mashua ya kwanza ilijengwa jikoni. Aliupima mlango, akaipima mashua, akaridhika, kisha akapigilia mbao za ukingoni zinazoilinda isigonge gati, na hakupima tena, hivyo ilipofika Aprili mashua ilikataa kutoka na ikabidi ang'oe dirisha na fremu yake. Dirisha lilirudishwa, ila halijafunga vizuri hadi leo, na kila Januari kwa miaka hamsini Verna alimkumbusha, "Kulitoa ulilitoa wewe, Elroy, baridi naipata mimi."

Walijaliwa watoto wawili, Curtis, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1974, na Marlene, aliyezaliwa tarehe 19 Agosti 1977, na wajukuu watatu, wote wa Marlene.

Mashua alizojenga nyumbani ni kumi na moja, zote za tanga, kati ya futi kumi na mbili na kumi na sita, na tisa bado zinaelea. Ya kumi na moja, ya futi kumi na nne, yenye mbao za mwerezi na mataruma, yaani mbavu za ndani, ya mwaloni, aliijenga kwa ajili ya mke wake na kuishusha majini Julai 1999, na kwa miaka kumi na sita wawili hao walikwenda nayo visiwani kila Jumapili ya kiangazi baada ya ibada, wakiwa na mkate, samaki wa siki na chupa ya chai. Mwaka 2015 magoti yake yaligoma, mashua ikaingizwa bandani, ikakaa humo miaka minane.

Wenye mashua za mbao hapa wanajua kwamba mbao zikikauka husinyaa na kuachana, na kwamba dawa yake ni maji yenyewe, yaani mashua huachwa gatini ijae mpaka ukingoni, siku mbili tatu, mpaka mbao zivimbe na kubanana, ndipo hutolewa maji. Elroy hakuamini mashua isiyoingiza maji kabisa. "Kikombe kimoja kwa saa ni mashua nzuri," alikuwa akisema, "isiyoingiza hata tone inakuficha kitu."

Novemba 2022 alianza kukohoa, na tarehe 16 Januari 2023 madaktari wa Halifax walimweleza kwamba mapafu yake yana makovu yasiyotibika na kwamba huenda amebakiwa na mwaka mmoja, naye alirudi nyumbani akasema anataka jambo moja tu, kumpeleka Verna visiwani na kumrudisha, mara moja zaidi, kwa mashua yake mwenyewe.

Curtis aliposikia hayo alirudi kutoka Alberta, upande wa pili wa nchi, alikokwenda akiwa na miaka kumi na tisa na kuwa fundi wa kuchomelea mabomba, kazi ambayo ndani yake mwanya wowote ni kosa. Mwezi wa Mei, Elroy akiwa amelazwa hospitalini siku kumi na moja, Curtis aliingia bandani, akaiona mashua imeachana mbao, akampigia dada yake simu kumwambia kwamba anaona kuku wa jirani kupitia ubavuni, na kwa upendo, bila kumuuliza mtu, akajaza mianya yote, pande mbili, kwa gundi ngumu ya dukani, akailainisha na kuipaka rangi.

Waliishusha Jumamosi tarehe 17 Juni 2023, Elroy akiangalia kutoka kitini, na haikuingiza hata tone, jambo lililowafurahisha wote isipokuwa yeye. Jumanne asubuhi, wakiwa mezani, kupitia lile dirisha lisilofunga, walisikia mlio kutoka gatini kama wa tawi linalovunjika, kisha mwingine, na kufika saa sita mchana mataruma tisa ya upande wa kulia yalikuwa yamekatika, kwa sababu mbao zilikunywa maji, zikatanuka, na gundi haikuziachia pa kwenda.

Curtis alisimama mbele ya baba yake akasema, "Baba, niliona itavuja."

"Nani kakwambia ingevuja?" akajibu Elroy. "Ingekuwa inakunywa tu, bwana."

Jioni ile Curtis alifungasha begi, lakini Verna alikuwa amekwisha kuzika funguo za gari ndani ya kopo la unga, na kesho yake kijana alipozitafuta kwa saa mbili na kulalamika kwamba ndege yake ni saa nane, mama yake alimwambia, "Basi itangulie, wewe utafuata." Kutoka chumbani Elroy akaita kwamba apelekewe kiti bandani, pamoja na mtungi wake wa oksijeni, na Curtis alipokibeba kiti akaambiwa, "Gundi uliiweka wewe, unajua kila ilipopita. Anza kuitoa."

Kuitoa kulichukua miezi mitatu, kwa patasi nyembamba, na Curtis aliomba likizo bila mshahara, kisha akaiongeza, kisha akaacha kuiongeza na akakaa. Novemba walianza mataruma mapya, ambayo hupikwa kwa mvuke ndani ya sanduku la mbao na yakitoka yana nusu dakika ya kukubali kupindwa, Burton akikimbia nayo kutoka kwenye sanduku, Curtis akiyapinda, na Elroy kitini akihesabu sekunde kwa sauti. Sita ya kwanza yalivunjika, na kila lilipovunjika Elroy alisema, "La jikoni hilo," likapelekwa kwenye stovu, hadi Verna akatangaza kwa majirani kwamba hajawahi kuwa na mtoto anayemletea kuni nzuri za mwaloni kama huyu. La saba lilikaa, na Elroy hakusifu, alisema, "Lete la nane."

Januari 2024 alilazwa tena wiki mbili, na tangu Machi hakuweza kufika bandani, kwa hiyo Curtis alikuwa akimpelekea kila ubao kitandani kabla ya kuupigilia, naye akaupitishia kidole gumba ukingoni na kuurudisha au kuukubali. Ubao wa mwisho ulipigiliwa Jumapili tarehe 14 Aprili, na kwa desturi ya hapa mwenye mashua ndiye hupigilia msumari wake, hivyo Verna aliupigilia, pombe ya rum ikamwagwa kidogo juu ya ubao, kila mtu akapata tone, na marehemu akapata lake kitandani wakati muuguzi aliyekuwa akija kumhudumia akitazama kuku wa jirani dirishani kwa makini.

Siku hiyo alimwambia mke wake, "Mimi huenda nisipande. Wewe utapanda na huyu." Kisha akamwagiza Curtis kwamba mashua ishuke Jumatano tarehe 24, ijazwe maji, iachwe siku tatu, asiiguse, asiizibe, asiichungulie.

"Hata ikizama, Baba?"

"Hasa ikizama."

Elroy alifariki Jumanne tarehe 23 Aprili 2024, saa kumi na dakika ishirini alasiri, nyumbani kwake, akiwa na mke wake na watoto wake wote wawili, na Curtis alipouliza kama mashua isubiri mazishi yapite, Verna alijibu, "Baba yako alisema Jumatano." Ikashushwa Jumatano, ikazama mpaka ukingoni, na kwa siku tatu Curtis alikaa gatini na mikono mifukoni, akimjibu kila mpita njia aliyemwambia, "Mashua yenu imezama," kwamba ndiyo, anajua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bridgewater na Halifax, na hasa muuguzi aliyekuwa akija nyumbani, kwa uangalifu wake na kwa kutoona, inawashukuru majirani walioleta kuni, samaki wa chumvi na viazi majira yote ya baridi, wafanyakazi wenzake wa zamani wa kiwandani waliotengeneza jeneza hili kwa mbao zilizobaki bandani, mchungaji, wanakwaya, na wote watakaotusindikiza hadi makaburini, na baada ya hapo hadi gatini, ambako Verna atapanda.

Mstari wa mwisho wa karatasi hii uliachwa wazi tangu juzi. Leo saa kumi na mbili alfajiri Curtis aliitoa mashua maji kwa ndoo, akaikausha kwa kitambaa, akakaa ndani yake saa moja kamili kwa saa ya mkononi ya baba yake, kisha akakusanya kilichoingia. Ameuandika mwenyewe, kwa penseli ya seremala, na shemeji anausoma kama ulivyo, bila kuongeza samaki.

"Baba, kikombe kimoja. Pumzika kwa amani."