Jina Kwenye Barua ya Kodi

Syprose, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alipaswa kushuka sokoni, lakini kwenye kiti cha nyuma cha basi maneno yalikuwa yamenoga, naye hakuwa mtu wa kuacha maneno matamu yaende bila yeye. Akakaa.

"Mama, usilipe," bwana mmoja mwenye koti la Nairobi alikuwa akimwambia mama mzee aliyeshika bahasha ya kaki. "Mimi huko nalipa kodi ya ploti kila mwaka, na bei ya mkate inanimaliza. Sasa mji umepanuliwa ukameza shamba lako la chai, wanaliita ploti, na wewe unakimbia kulipa?"

"Kijana wangu, si unajua kusoma? Soma hapo juu."

"Mwenye ploti: Tabitha Chepkemboi."

"Rudia, kwa sauti."

Akarudia. Hata kondakta akageuka.

"Tangu mzee wangu afariki, shemeji zangu wananiita mgeni. Bonasi ya chai ikija, wanasema shamba ni la ukoo. Barua ya kwanza ya kodi ilikuja bila jina, na ili wasilipe wakaapa mbele ya chifu, wote watatu, kwamba shamba ni langu peke yangu! Chifu akaandika. Nakimbilia risiti yenye jina langu kabla hawajagutuka."

Syprose akaangua kicheko, akasahau kwamba hakualikwa.

"Na mwakani wakiongeza?" bwana akang'ang'ana.

Mama Tabitha akanyoosha kitambaa chake cha kichwani. "Waongeze. Bora wasikosee jina."

Basi likasimama steji ya Kericho. Abiria wakampisha ashuke wa kwanza, kama mama wa bibi harusi.