Kitambaa Cheupe cha Mzee Msabaha

Mzee Msabaha Kombo anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka kumi na tisa ya kukagua injini katika kampuni yetu ya mizigo hapa Sanyuanli, China. Dada Zulekha, bosi wetu, aliniomba mimi Godson, mkuu wa upakiaji, niandike ukurasa wa kuchekesha na kuusoma mbele yenu. Kuchekesha nitajaribu. Ila Mzee anaondoka na doa kwenye jina lake, na doa hilo nililipaka mimi.

Alikuja mwaka 2006 kutoka gereji moja ya Tanga, akiwa na begi moja na sikio la ajabu. Jenereta ikiwashwa ghorofa ya chini, yeye huko juu anakunywa chai na kukutajia ugonjwa wake. Kichina chake mpaka leo ni namba na "tai gui", yaani ghali mno, lakini yeye na Liang wa foklifti wanaelewana kwa mikono kuliko sisi tuliokisomea.

Umaarufu wake ni vitambaa. Kila injini huiacha iungurume nusu saa, kisha hushika kitambaa cheupe nyuma ya bomba la moshi. Kikipata madoa ya mafuta, injini inakula oili na haisafiri. Kikitoka safi, hukiandika namba ya mashine na kukihifadhi. Huvinunua kwa dazeni, na mama anayemuuzia kule Xiaobei humpa pole kila mara, akidhani ana mafua yasiyopona.

Agosti mwaka jana alipitisha mashine ya kukatia majani, ile ya kuketi juu yake na kuiendesha kama trekta dogo. Ilikuwa ya Sista Felisia, kwa uwanja wa shule yake huko Njombe. Kitambaa kilitoka cheupe pe. Siku ya kupakia, marobota sita ya nguo kutoka soko la Shisanhang yakafika kwa kuchelewa, kontena limekwisha kubana. Wapakiaji tuna ujanja wetu: ukikosa sakafu, tumia urefu. Nikaamuru mashine isimamishwe wima, oili ikiwa ndani, ifungwe kamba. Liang aliinyooshea injini kidole akapiga kelele, "Bu xing, bu xing!" Haifai. Nikamjibu, "Mei shi," hakuna neno. Ikasafiri hivyo mpaka Dar, wapagazi wakaishusha na kuiweka kwa matairi yake.

Sista akapiga simu ya video. "Mzee wangu, mashine inafuka moshi wa bluu kama jiko la kuni mbichi! Na oili kila tukipima imeshuka."

Mzee akamwongoza fundi wa kule hatua kwa hatua. Plagi ikafunguliwa, imelowa mafuta. Filta ya hewa nayo imelowa chepechepe. Akashusha simu, akanigeukia.

"Godson mwanangu, filta hailowi hivi kwa uchakavu. Oili hufika huko mashine ikilazwa au ikisimamishwa. Mliisimamisha?"

"Hapana, Mzee. Ilikaa kwa matairi yake mwanzo mwisho."

Akanisadiki. Hilo ndilo linaloniumiza. Hakuniuliza mara ya pili, wala hakumuuliza Liang. Alimwambia Sista kwamba basi ringi za pistoni zitakuwa zimekwisha, wasiiwashe tena, na kosa ni lake yeye aliyeipitisha. Kuhusu kitambaa, akasema labda alichanganya namba.

Dada Zulekha akaagiza kila ukaguzi wa Mzee uwe na sahihi ya pili. Sahihi hiyo ikawa yangu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya miezi kumi na minne. Kila mara fundi huyu alipanda ngazi na kitambaa mkononi, akasimama mlangoni, ili mimi nisiyejua ringi na bangili nimthibitishie alichokiona kwa macho yake. Naona haya kuandika kwamba siku nyingine nilimwacha asubiri nimalize kula.

Jumatatu alileta kitambaa cha mwisho, cha jenereta inayokwenda Mwanza. "Kitazame vizuri, mwanangu," akasema. "Macho yangu siyaamini tena."

Kilikuwa cheupe. Nikaiweka kalamu chini bila kutia sahihi.

Alipotoka nikampigia Sista Felisia, nikamweleza ukweli. Mashine ilikuwa stoo chini ya turubai. Fundi akamwaga oili ya zamani, akasafisha njia za hewa, akaweka filta na plagi mpya. Ilifuka kama dakika kumi, ikaacha. Jana wamekata majani mchana kutwa, na oili haikushuka. Sista mwenyewe ameshika kitambaa chake cha jikoni nyuma ya bomba la moshi, akatutumia picha. Nimeibandika chini ya ukurasa huu ili kila mtu aione.

Dada Zulekha aliusoma ukurasa huu kabla haujachapwa. Hakucheka. "Usome hivyohivyo," akasema, "na usimame."

Mzee Msabaha, wote hapa tunakushukuru kwa injini zote zilizofika nyumbani zikiwa nzima. Tunakuombea mapumziko yenye afya Tanga, chai ya moto na majirani wasiokuletea jenereta mbovu. Macho yako ni mazima, hayajawahi kukudanganya. Aliyekudanganya ni mimi. Uliniuliza mara moja tu, na jibu ni ndiyo, Mzee. Niliisimamisha.