Magoti Yangu na Mlima wa Kwa Mama

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, na azidi kupewa! Leo nimekuja mbele yenu kwa miguu yangu mwenyewe.

Mnanijua, mimi Baba Ezra wa hapa Ziwani. Miaka mingi nilipiga magoti katika karakana ya reli nikitengeneza mabehewa, hadi magoti yakakataa. Daktari alisema gegedu, ule mto ulio kati ya mifupa, limelika. Mfupa ulisaga mfupa! Nilimeza tembe, nikaombewa, lakini ngazi za kanisa nilizishuka kinyumenyume.

Ndugu zangu, maumivu ningeyavumilia. Kilichonimaliza ni hamu ya mama. Nyumba yake iko juu mlimani, Maragoli, gari halifiki. Miaka mitatu sikumwona. Kila aliyetoka nyumbani alileta neno lile lile: "Mama anauliza, mtoto wangu bado yuko hai?" Vijana walijitolea kunipandisha kwa kiti. Nikasema mwanamume hubebwa akiwa maiti. Kiburi, ndugu zangu! Nikisikia moshi wa kuni tu, nakumbuka jiko la mama, machozi hunitoka.

Ndipo mke wangu akapata habari za daktari wa Kichina, mwanamke, huko mjini. Niliogopa. Wengine wenu mlisema vikombe vya moto ni uchawi. Mke wangu akanijibu, "Baba Ezra, nani alikwambia Mungu huponya kwa mikono ya Waluhya peke yao?"

Nikaenda. Alinibandika vikombe vya kioo, vikavuta ngozi. Akawasha majani makavu yaliyosokotwa kama sigara, akayashikilia karibu na goti mpaka joto likazama ndani. Nikarudi na plasta nyeusi inayonuka kafuri. Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Mwezi wa pili uvimbe ukapungua, nikachuchumaa kufunga kamba za viatu! Nilibaki pale chini nikilia.

Desemba nikapanda ule mlima, napumzika, napanda. Mama haoni vizuri sasa. Alinipapasa uso, akasema, "Mbona umezeeka hivi?" Haleluya! Tulicheka mpaka tukalia.

Sitawadanganya. Ugonjwa haujaisha, na baridi ikija nausikia. Tena tangu nirudi, hamu ya mama imekuwa kali kuliko zamani. Lakini sasa ni hamu yenye njia. Asante Yesu! Nawe unayeficha maumivu yako kwa aibu, mtumaini Bwana, wala usiikatae mikono atakayoituma, hata kama huijui.