Baba Lango na Ufunguo wa Ofisi Mbili

Ndugu, majirani na marafiki mliofika leo, Jumamosi tarehe 13 Septemba 2025, familia inawaomba mtulie kidogo muisikie safari ya mpendwa wetu, ambaye nyumbani tulimwita Baba, na sokoni wakamwita Baba Lango.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi viatu na muuza mikate, katika nyumba ya vyumba viwili iliyotazamana na karakana ya reli. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, akamaliza sekondari mwaka 1976, na mwaka 1980 akahitimu stashahada ya uchoraji ramani chuoni, ambako, shangazi anatukumbusha, alipiga mistari yake ya kwanza kwa kipimo cha miguu alichokiazima kwa baba yake.

Tarehe 1 Julai 1981 aliajiriwa wizarani, na mwaka 1997, serikali kuu, kupitia wizara hiyo, na halmashauri ya jiji zilipoingia ubia wa kukuza uchumi, serikali ikijenga kituo cha mabasi na jiji likijenga soko pembeni yake, aliteuliwa kuwa mratibu wa pande zote mbili, kazi ambayo mkewe aliitilia shaka tangu mwanzo, akimwambia kuwa njia mbili zilimshinda fisi.

Shaka hiyo haikuwa bure, kwani kituo na soko vilipozinduliwa tarehe 5 Februari 1999, ilionekana kuwa kila ofisi ilichora hadi mwisho wa kiwanja chake ikaweka kalamu chini, hakuna aliyechora pa kupitia, hivyo ukuta ukasimama katikati, abiria wakaondoka mikono mitupu, na nyanya zikaozea mezani huku honi za mabasi zikisikika. Marehemu, ambaye mchoro wa kituo ulipita mezani kwake, hakuificha aibu hiyo, alizizungukia ofisi zote mbili mpaka ukuta ukatobolewa na lango la chuma likawekwa, ndipo ukazuka ubishi wa nani ashike ufunguo, wizara ikisema ukuta ni wake, jiji likisema wateja ni wake, na kwa kuwa kila upande ulimwamini yeye kuliko ulivyouamini upande wa pili, wakamwachia kwa muda.

Muda huo ulikuwa miaka ishirini na sita. Alilifungua lango kila alfajiri, hata baada ya kustaafu mwaka 2018, hata akiwa na homa, na akichelewa kidogo akina mama wa mboga walimpigia kelele kwamba leo mama watoto kamfichia viatu, naye alicheka nao, kwa sababu mara moja ilikuwa kweli.

Tarehe 12 Oktoba 1985 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu saba, mmoja wao akiamini mpaka anaanza shule kwamba soko ni la babu.

Mwaka 2023 alianza kusumbuliwa na moyo, na tarehe 18 Agosti mwaka huu alilazwa, mama akabaki akifungua lango. Tarehe 6 Septemba meneja wa soko na msimamizi wa kituo walikutana kitandani kwake bila kupanga, kila mmoja na machungwa yake, kila mmoja akianza na pole na kuishia kwenye ufunguo, naye akawasikiliza wote, kisha akawaambia kuwa atazikwa na ufunguo huo, basi wajue la kufanya. Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba, saa kumi na moja alfajiri, saa yake ya kuamka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotubeba, wafanyakazi wenzake wa wizara na wa jiji, na fundi wa kuchomelea, ambaye juzi Alhamisi, mbele ya meneja na msimamizi, kila mmoja akiwa amesimama upande wake wa ukuta, aliling'oa lango lote, bawa moja baada ya jingine, asibakize hata bawaba.

Ufunguo tumemwekea mfukoni, kwa kuwa haufungui tena kitu chochote. Pumzika kwa amani, Baba, usiamke mapema, watu wanapita.